Gunia chini ya meza ya kazi

Lilifika Jumanne kabla ya saa moja asubuhi, limefungwa nyuma ya pikipiki kwa mipira miwili ya tairi, na maji bado yalikuwa yanachuruzika kutoka pembe yake ya chini. Kijana aliyelileta hakuzima injini. "Fundi, mzigo wako wa mlimani," akasema, akalisukuma kwa goti mpaka likaanguka mbele ya kibanda changu hapa sokoni Kibuye, Kisumu. Lilianguka kwa kishindo cha jiwe, si cha kuni. Nikamlipa, akageuza pikipiki, akapotelea kwenye msongamano wa barabara ya Kondele.

Nilifungua mdomo wa gunia. Harufu ya udongo mweusi wa baridi ikanijia usoni, harufu ambayo Kisumu haipo. Ndani mlikuwa na nundu tatu za mti, kila moja kubwa kama kichwa cha ndama. Mizizi yake ilikuwa imekatwa kwa panga, na katikati ya mikunjo kulikuwa kumenasa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya juu mlimani.

Nikalifunga tena. Nikalisukuma chini ya meza ya kazi na kulimwagia ndoo ya maji.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Tangu hapo kila asubuhi nimelimwagia maji, na kila asubuhi nimejiuliza kwa nini nayamwaga.

Matundu mawili yanayokutana gizani

Watu huniuliza ugumu wa kutengeneza kiko uko wapi, maana kwa nje ni kipande cha mti chenye kichwa na mkia. Ugumu uko ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Kiko kina matundu mawili. La kwanza linashuka wima kutoka juu, ndilo la kutilia tumbaku. Langu huwa na upana wa milimita 20 na kina cha milimita 38 hivi. La pili ni la hewa, jembamba, milimita 4 tu, linaingia kwa ubavu kupitia shingoni. Haya mawili lazima yakutane chini kabisa, penye sakafu ya lile la kwanza. Tundu la hewa likitokea juu kidogo, tumbaku ya chini haiungui, inabaki majimaji machungu yanayomkera mvutaji mpaka anakitupa kiko chako kabatini. Likienda upande, unakuwa umekwisha kuharibu mti uliousubiri mwaka mzima.

Na unatoboa bila kuona. Nafunga kipande kwenye jiliwa, nachora mstari wa penseli ubavuni, nalinganisha keekee na mstari, halafu kazi inakuwa ya masikio. Chuma kikipita katika mti mgumu, sauti ni ya chini, ya kusaga. Kikikaribia tundu la kwanza sauti inapanda na mkono unahisi mti umelegea. Hapo nazuia pumzi. Nikizidisha milimita moja, chuma kinachimba ukuta wa upande wa pili.

Kisha kuna kinywa, kile kipande cheusi kinachoshikwa kwa meno. Nakichonga kutoka fimbo ya ebonaiti, mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Ulimi wake unaoingia shingoni mwa kiko usicheze wala usibane. Ukicheza, hewa inavuja. Ukibana, siku mti utakapokauka zaidi shingo itapasuka.

Hili la mwisho nililijua kwa maneno miaka mingi kabla ya kulijua kwa maumivu.

Tak

Mwaka 2021 nilituma kiko changu cha kwanza ng'ambo, kwa mteja aliyekuwa Uholanzi. Kilikuwa cha mzeituni mwitu, rangi ya asali yenye mishipa ya kahawa, na nilikipaka nta kwa kitambaa cha pamba jioni tatu mfululizo. Mti wenyewe ulikuwa umekaa juu ya dari kwangu mwaka mzima. Niliupima kwa mkono, nikaugonga, ukalia kama ngoma. Nikaamini umekauka.

Ulikuwa umekauka kwa kipimo cha Kisumu.

Hapa tunaishi na ziwa. Hewa yetu ina maji hata mwezi wa kwanza jua linapochoma mabati. Kule kiko kilifika wakati wa baridi, kikawekwa katika chumba kilichofungwa madirisha na kupashwa moto usiku na mchana, ambamo hewa ni kavu kama majivu. Mti ukaendelea kukauka ukiwa mezani kwa mwenyewe. Baada ya majuma mawili aliniandikia, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, kwamba alikuwa anakula chakula cha jioni, hakuna mtu aliyekigusa kiko, akasikia tak. Alinitumia picha. Ufa ulianzia mdomoni mwa shingo, ukapita katikati ya ule mshipa mzuri kuliko yote, ukaishia kwenye tundu la tumbaku.

Nilimrudishia pesa zake zote na gharama ya posta. Nilikaa siku nne bila kushika tupa.

Tangu hapo sitoboi kipande kabla hakijakaa miaka miwili. Kila baada ya mwezi nakiweka kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito wake kwa penseli ubavuni. Uzito usipobadilika kwa miezi minne mfululizo, ndipo nakishusha. Na hata hivyo nakiweka majuma matatu ndani ya sanduku la bati lenye balbu inayowaka, nione kama kitalalamika hapa kwangu badala ya kulalamikia mezani kwa mtu. Katika kila vipande kumi, viwili au vitatu hulalamika. Nikiwa naviringisha mkeka nje usiku na sauti hiyo ikaja kutoka kwenye sanduku, tumbo linashuka kana kwamba mtoto ameanguka.

Miaka miwili ya kungoja haionekani kwenye kiko. Huwezi kumwonyesha mnunuzi. Huwezi kuiandika kwenye kibandiko cha bei.

Kutafuta mti

Nilianza na magunzi. Nilikuwa nimesoma kuhusu kiwanda cha mji wa Washington, jimbo la Missouri huko Marekani, ambacho kimekuwa kikitengeneza viko vya magunzi ya mahindi tangu 1869, nikajiambia: kama kuna watu wenye magunzi duniani, ni sisi. Nikaletewa magunia mawili kutoka Kitale. Lakini wale wa Missouri hutumia mahindi ya aina yake, yenye magunzi manene, magumu. Mbegu zetu zimechaguliwa kwa ajili ya punje, na hilo ndilo jema kwa mwenye njaa. Nikitoboa, ukuta uliobaki ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, ukaungua siku ya kwanza.

Mpingo nao niliujaribu. Unapendeza machoni, ila ni mzito mdomoni na hushika joto mpaka vidole vinakataa. Tena tangu 2017 jamii yake yote imo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Baadaye masharti yalilegezwa kwa mizigo midogo ya vitu vilivyokamilika, lakini mimi nilikuwa nimeshauacha.

Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na bahati nyingine. Kule Sinya, karibu na Amboseli upande wao wa mpaka, kuna lile jiwe jeupe jepesi ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari, na Arusha kulikuwa na kiwanda cha kulichonga viko. Nimewahi kukishika kimoja, cha mzee aliyefanya kazi huko ujanani. Kilikuwa chepesi kiasi kwamba mkono uliinuka kuliko nilivyotaka.

Lakini mti ambao dunia yote ya viko inauheshimu ni braya. Nao si shina wala tawi. Ni nundu inayoota kati ya shina na mizizi ya kichaka kinachoitwa erika, *Erica arborea* kwa wataalamu, kwenye vilima vikavu vya kandokando ya Bahari ya Mediterania. Nundu huchimbwa ikiwa na umri wa miaka 30 hadi 60. Hufunikwa ikiwa na unyevu isije ikapasuka, hukatwa vipande, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka utomvu na uchungu vitoke, kisha huachwa ikauke kwa miezi au miaka. Mji wa Saint-Claude huko Ufaransa ulijipatia jina kwa nundu hizo tangu karne ya 19. Sababu ya kuheshimiwa ni kwamba haishiki moto upesi, inanyonya unyevu wa tumbaku, na nyuzi zake hutawanyika kama miali kutoka katikati badala ya kulala upande mmoja.

Kipande kimoja cha braya kutoka Italia, kikifika mkononi mwangu pamoja na posta na ushuru, huwa kimenila shilingi 4,000. Kipande kimoja, kiko kimoja. Ukikosea tundu la hewa, shilingi 4,000 zimekuwa kuni.

Kwa hiyo nilirudi kwenye mzeituni mwitu, ule ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu. Naununua kwa wakulima wa upande wa Londiani, matawi yaliyoanguka yenyewe au yaliyopunguzwa mashambani mwao. Ni mti mgumu, mtamu wa harufu, na unavumilia moto vizuri. Ila hauna jina huko ng'ambo. Na nimekuja kujua kwamba kwenye biashara hii jina ndilo linalolipwa kwanza.

Nani ananunua?

Hapa Kibuye, Jumapili watu wanapofurika, kiko changu hushikwa na mikono mingi. Wanakigeuza, wananusa, wanacheka kidogo, wanakumbuka babu fulani. Nikitaja shilingi 6,000 wanakiweka chini polepole kama kitu kilichovunjika mikononi mwao. Siwalaumu. Mzee anayevuta kiko siku hizi ni nadra, na aliyebaki ana chake cha miaka 40.

Dunga, kule wanakofika wageni kutazama ziwa na kula samaki, nilipewa nafasi kwenye meza ya mama mmoja anayeuza vikapu. Wageni walinunua viwili kwa mwaka. Wote wawili walisema ni vya kuweka sebuleni.

Vijana ndio wanaokuja kwa wingi. Wanakuja wawili wawili, wananiita "mzee" kwa heshima, halafu wanaeleza kwa mkono: kidogo hivi, kinachokaa mfukoni, cha ile kitu. Bangi. Wanalipa palepale na wangenilisha vizuri. Nimewakataa wote. Mmoja alikuwa na sare ya shule chini ya sweta.

Mtandaoni nako nilifungua ukurasa, nikaweka picha za viko vinane zilizonichukua siku mbili kupiga. Siku ya tatu ukafungwa: vifaa vya tumbaku haviruhusiwi. Nikajaribu kwingine, bidhaa zikakaa lakini njia ya kulipwa ikazuiwa kwa miezi miwili. Nilikasirika. Nilipopoa nikaisoma upya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, ile inayokataza matangazo ya tumbaku na kuwauzia walio chini ya miaka 18, na nikaona kwamba sikuwa na hoja ya kuipinga. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa mwenye kuandika sheria hiyo, sidhani ningeandika tofauti.

Hapo kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mjomba

Mjomba wangu alivuta kiko tangu kabla sijazaliwa. Kilikuwa na kichwa cha udongo na shina la tete, na jioni alikaa nacho chini ya mti nje ya boma, akigonga majivu kwenye kisigino cha kiatu. Sura ya kiko niliyokuja kuipenda, niliipata pale. Alikuwa akinipa nikishike wakati anafunga ng'ombe, na joto lake kwenye kiganja nalikumbuka hadi leo.

Alikufa kwa saratani ya ulimi. Daktari alituambia bila kuzungusha maneno kwamba ni tumbaku. Kutomeza moshi hakumwokoi mvuta kiko. Ulimi, midomo na koo vinabaki pale pale moshi ulipo. Miezi ya mwisho mjomba hakuweza kula wala kusema. Aliandika kwenye karatasi kwamba anataka kiko chake. Shangazi alikataa, kisha akakileta. Hakikuwashwa. Alikishika tu, kidole gumba kikizunguka mdomo wake wa udongo, mpaka akalala.

Nilianza kutengeneza viko miaka miwili baada ya mazishi yake.

Nimejaribu kujieleza mara nyingi. Nimesema natengeneza chombo, tumbaku inatoka kwingine. Nimesema wanunuzi wangu ni watu wazima wanaojua. Kila nikisema, maneno yanatoka sawasawa na moyo haujibu. Ninachofanya ni kumwambia kila mnunuzi, kwa mdomo au kwa barua, mjomba wangu alivyokufa. Wapo walioghairi. Sijui kama hilo linanipa haki ya kuendelea, lakini bila hilo nisingeweza kuendelea hata siku moja.

Naliandika hapa kwa sababu gunia lile lilinikuta nikiwa tayari na deni hili moja. Sikuwa na nafasi ya deni la pili.

Jina

Miezi mitatu iliyopita niliandikiwa na mfanyabiashara wa viko wa Ulaya ambaye alikuwa amenunua vitatu vyangu. Alisifu matundu. Alisifu vinywa. Kisha akasema mzeituni ni mgumu kuuza, lakini anajua kwamba erika ile ile ya Mediterania inaota kwenye milima ya Afrika Mashariki, na kwamba mimi ninaishi karibu na Mlima Elgon. Kama ningempa viko 20 vya "braya ya Afrika", angelipa kila kimoja mara tatu ya bei yangu.

Alichosema kuhusu mti ni kweli. Niliuona kwa macho yangu nikiwa kidato cha tatu, tulipopanda na klabu ya shule kuelekea Koitoboss, kilele chenye mita 4,222. Ukishapita mianzi, kuanzia kama mita 3,000 hivi, msitu unabadilika sura. Miti ni mifupi, imejipinda, majani yake ni madogo kama punje, na ndevu za kijivu zinaning'inia kila tawi zikinasa ukungu. Tulitembea katikati yake bila kusema. Mwalimu wetu alikamua konzi moja ya ndevu hizo na maji yakadondoka. "Huu ndio mfereji wenu," akatuambia. "Mto Nzoia unaanzia huku."

Nilikaa na ujumbe ule majuma mawili. Karo ya muhula ilikuwa inakaribia. Nilikuwa na viko 11 visivyo na mnunuzi. Mtu fulani aliniambia anamjua mtu fulani anayepanda juu kila wiki. Sikuuliza anapanda kwa kibali gani. Nilijua kwamba mbuga ni mbuga na msitu wa serikali ni msitu wa serikali, na kwamba kwa sheria ya misitu ya 2016 hakuna anayetoa hata mzizi bila ruhusa. Nilijua, nikatuma pesa.

Siwezi kusema nilidanganywa.

Jaduong'

Kibanda kinachopakana na changu ni cha mzee anayetengeneza viti, ambaye sote hapa tunamwita Jaduong'. Juma la nne aliniona nikimwaga maji chini ya meza akashindwa kunyamaza.

"Wuoda, mwanangu, hicho unachokinywesha ni nini?"

Nilimweleza yote. Akasikiliza huku akipitisha kidole kwenye makali ya randa.

"Mti umeshakufa," akasema. "Ukiuacha uoze, ndiyo utafufuka? Utengeneze. Kuuharibu mara mbili ndiko kubaya."

Nilienda nyumbani na maneno hayo, nikalala nayo, na sikupata jibu. Bado naona kwamba hoja yake ni nzito. Mti uliokatwa kwa kosa, ukatupwa, ni kosa lile lile na juu yake hasara. Kesho yake nikavuta gunia, nikatoa nundu moja, nikaifunga kwenye jiliwa.

Ndani ya nundu

Nilianza na kisiki cha shina kilichobaki juu yake, kinene kama kifundo cha mkono wangu. Nilikikata kwa msumeno mwembamba, nikapiga msasa mpaka namba 400, nikalowesha kwa mate. Miviringo ilijitokeza, myembamba mno, imebanana kama kurasa za kitabu. Nilihesabu kwa ncha ya sindano hadi 47, nikapoteza mahali, nikaanza upya, nikafika 52. Huku kwetu ikweta mviringo si lazima uwe mwaka. Misimu ya mvua inaweza kuchanganya. Kwa hiyo umri sikuupata. Nilichopata ni kwamba mti huu haukuwa na haraka yoyote.

Kisha nikaipasua nundu yenyewe katikati.

Mti ulikuwa wa rangi ya waridi iliyochakaa, wenye madoa kama macho ya ndege, mzuri kuliko kipande chochote cha Italia nilichowahi kulipia. Naliandika hili kwa sababu ni kweli na lilinitetemesha. Mikono yangu ilikwisha kuona kiko ndani yake: kichwa hapa, shingo ikipita pale, miali ya nyuzi ikipanda pande zote.

Lakini kulikuwa na mstari mweusi.

Ulianzia ukingoni, ukaingia ndani kama vidole vitatu, ukajipinda. Niliugusa kwa patasi na ukatoka unga. Ulikuwa mkaa. Mti huu uliwahi kuungua. Moto ulipita mlimani zamani, ukala shina na matawi yote, na nundu ikabaki chini ya udongo na akiba yake ya maji. Nje ya ule mstari mti mpya ulikuwa umeota, umeufunika mkaa kama ngozi inavyofunika kovu, na kutoka hapo likapanda shina jingine, lile lenye miviringo 52.

Nilitazama upande wa pili. Kulikuwa na mstari mwingine, wa ndani zaidi, mdogo.

Mara mbili.

Nilikaa kwenye kigoda. Ukikata shina la erika, inachipuka. Ukiichoma, inachipuka. Ndiyo kazi ya nundu. Kitu kimoja isichoweza kupona ni kung'olewa ile sehemu ambayo ndiyo inayorudi. Na mimi nilikuwa nimeagiza sehemu hiyo hasa, kwa kilo.

Hapo ndipo hoja ya Jaduong' iliponielea vizuri, na ndipo nilipoona pale isipofika. Nundu hizi tatu zingenipa labda viko saba. Vingekuwa vizuri. Mfanyabiashara angefurahi, na angetaka vile 13 vilivyobaki. Kiko kimoja kizuri cha Elgon ndicho kingekuwa agizo la gunia la pili, na mkono wangu, ambao umeshajua utamu wa mti huo, usingekataa.

Juma hili

Nilimwandikia yule mfanyabiashara Jumapili usiku. Nilimwambia nina viko 11 vya mzeituni mwitu, kwa jina hilo hilo la mzeituni mwitu, vya miaka miwili ya kukauka, na nikamtumia picha za maandishi ya penseli ya uzito wao mwezi baada ya mwezi. Nilimwambia cha Elgon hatakipata kwangu. Hajajibu.

Nilimpigia simu kijana wa pikipiki. Aliniuliza kama tatizo ni bei, maana zinaweza kushuka. Nikamwambia si bei. Kukawa kimya kirefu, kisha akasema sawa, kuna mtu mwingine Eldoret anayeziulizia. Sikuwa na la kumwambia, na maneno hayo bado yamenikwama kooni.

Karo nimeilipa nusu. Mwanangu anajua kwa nini.

Leo asubuhi nilifungua kibanda, nikajaza ndoo kama kawaida, nikafika penye meza, nikasimama. Halafu nikatoka nayo nje, nikamwagia mche wa mwembe ulio kati yangu na Jaduong'. Nikarudi, nikachukua kiko cha mteja wa Nakuru ambaye anataka kinywa kirefushwe, nikaanza kupiga msasa.

Kufikia saa sita mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Gunia lilikuwa limekauka juu, nikaona rangi yake imepauka. Nikaendelea na msasa. Saa saba na kitu hivi, kutoka chini ya meza, ikaja.

Tak.

Jaduong' akasimamisha randa, akainua kichwa kunitazama. Kisha akainama, akaendelea na kiti chake.